Trippers Kabla ya "Zuwena"

Mjukuu wangu, aliyemaliza chuo mwaka jana, aliniambia bila wasiwasi kwamba "Georgina" ni wimbo wa Dar International. "Si Marijani huyo, babu?" Mwimbaji ni Marijani, ndiyo, lakini bendi ni Safari Trippers. Sikumlaumu. Redio anayoisikiliza huupiga wimbo huo Jumapili, ikauita zilipendwa, na habari ikaishia hapo. Enzi za Redio Tanzania, RTD, tulitajiwa bendi, tukatajiwa na mtunzi, ndipo gitaa likaingia.

Trippers walikuwa vijana, na hilo ndilo lililotushika sisi wa Kariakoo. Bendi ya NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, majeshi nayo yalikuwa na bendi zake. Huko walikwenda baba zetu. Sisi tulikuwa na bugi, dansi la mchana, ili kila mtu awe kwao kabla giza halijaingia. Ulivaa suruali yako ya bugaluu na viatu vya raizoni, ukatembea katikati ya barabara ili uonekane. Bendi nyingi za vijana zilianza kwa kuiga soul. Marijani alipoimba Kiswahili chetu, cha mtaani kwetu, tulimwona mwenzetu. Alizaliwa Kariakoo mwaka 1955, maana yake alipoingia Trippers, mwanzoni mwa miaka ya 70, alikuwa hajafika hata ishirini.

Santuri tulizinunua kwa mzee mmoja wa Kingazija, mtaa wa pili kutoka sokoni. Duka lake lilikuwa jembamba, watu watatu wakiingia wa nne anasubiri nje. Asubuhi lilinuka ubani, na mchana, jua likishapiga bati, lilinuka gundi ya majalada mapya yaliyotoka Nairobi, maana santuri zilitengenezwa huko. Begani hakukosa kipande cha flana. Kabla ya kupiga santuri aliipangusa kwa kuizungusha kidoleni, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso, kisha akaishusha sindano akiwa amezuia pumzi.

Nyimbo ndefu za wakati ule zilikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno. Wa pili sauti zinapungua, magitaa yanachemka, na watu wanamwaga jasho. Mzee alitupigia upande wa kwanza tu. Ukimwomba ageuze, alijibu, "Upande wa pili unapigwa nyumbani, mwanangu." Alijua tutarudi, na tulirudi: tulichangishana senti, mwenye gramafoni akasamehewa mchango, na "Rosa Nenda Shule" ikapigwa uani mpaka mama wa nyumba ile akaijua yote. Aliikubali kwa sababu inamhimiza mtoto wa kike asome. Kwa "Georgina" alitutazama kwa jicho jingine.

Mwaka 1976 bendi ikavunjika. Mwaka uliofuata Marijani akawa yuko Dar International, "Zuwena" ikafunika kila kitu, na mpaka wa Kenya ukafungwa. Santuri zikaadimika. Yule mzee akaanza kuuza betri na nyembe. Zikaja kanda, zikaja sidii. Marijani akafariki Machi 1995, na tangu hapo kila alichoimba kimekuwa cha Marijani peke yake, kana kwamba alijipigia besi, akajipigia na ngoma.

Hili linaniuma. Vijana wale wa Trippers hawakuwa na kiwanda wala jeshi nyuma yao, na miaka yao pamoja ilikuwa michache mno. Kuwataja kunachukua sekunde tatu. Na kuna ubaya mwingine juu ya huo: watangazaji wa leo huukata wimbo pale maneno yanapokwisha, magitaa yakianza tu kupanda, ili waweke tangazo la mkopo. Pale ndipo bendi nzima inaposikika, solo inamwita rithimu, besi inawafuata kwa chini. Waliorekodi walitaka usikilizwe mpaka mwisho, basi uacheni uishe.