Dar es Salaam hadi Jeddah: umbali mmoja, saa mbalimbali

Atakayeitazama ramani ataona kuwa Dar es Salaam na Jeddah ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 Mashariki. Ndiyo maana sisi wa Dar es Salaam huelekea kaskazini tunaposwali, na ndiyo maana saa za miji hiyo miwili hazitofautiani hata dakika moja. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Mfalme Abdulaziz ni takriban kilomita 3,175 angani. Ndege isiyotua njiani huchukua kiasi cha saa nne na nusu. Mtu aweza kuswali Alfajiri nyumbani na Adhuhuri ikamkuta Jeddah.

Sisi hatukwenda hivyo. Wengi katika msafara wetu wa Umra walikuwa wamedunduliza kwa miaka, na tiketi za kupitia Dubai zilikuwa nafuu, basi kamati ikazichukua, nasi tukiwa waandishi wa muhtasari wa kikao kile. Dubai iko mbali upande wa mashariki. Kufika huko ni karibu kilomita 3,980, kisha unarudi magharibi kilomita 1,700. Saa nne na nusu zikawa nane na zaidi angani, na sita nyingine za kungoja vitini, wazee wakivimba miguu. Saa za Dubai nazo zimetangulia zetu kwa saa moja, ikawa kila mmoja anauliza Alfajiri ni lini.

Lililotuelemea zaidi ni miqaat. Atokaye kusini moja kwa moja hunuia kabla ya kupita usawa wa Yalamlam. Atokaye Dubai hukutana na Qarn al-Manazil, upande wa Taif, dakika chache tu kabla ya kutua, na ndege haimsubiri mtu. Tulikuwa tumeahidi kumwamsha kila mmoja. Tangazo lilitolewa kwa Kiarabu na Kiingereza, nasi wenyewe usingizi ulikuwa umetuchukua. Waliokuwa macho walinuia.

Mzee wetu mmoja, aliyevaa shuka zake tangu Dubai, alifumbua macho magurudumu yalipogusa ardhi.

"Kijana wangu, tumeshanuia?"

Hatukuwa na la kumjibu. Shuka alikuwa nazo, nia hakuwa nayo, wala sisi.

Avukaye miqaat bila ihramu, naye amekusudia Umra, hurudi akahirimie huko, asiporudi, huchinja. Tulimweleza yote mawili. Akasema atarudi. Wenzetu wakapanda basi la Makka, sisi wawili tukakodi gari hadi As-Sayl al-Kabir, penye msikiti wa miqaat ile. Alioga, akaswali rakaa mbili, akanuia kwa sauti ya kutetemeka, nasi tukanuia pembeni yake. Nauli ya gari ilimeza unafuu wa tiketi zetu mbili, na ziada. Mzee alitoa kitambaa chake cha fedha ili achangie, tukamsihi akirudishe. Kosa lilikuwa letu.

Siku hizi kikaoni, kabla ya kuuliza bei, huuliza ndege inapita wapi na miqaat yake ni ipi.

Siku ya kurejea, Mzee alituuliza kama tutapitia kule kule.

"Naam, Mzee, kule kule."

"Basi leo nitalala," akasema, akafunga mkanda.