Gari la Tajiri Likilala Kwetu

Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi bila ya kupiga hodi. Nalo ni gari la kazini kulala nyumbani kwa dereva, na dereva huyo kukatwa mshahara kwa ajili ya kulala kwake.

Mwezi uliopita mke wa mpwa wangu alinijia na karatasi tatu za mshahara wa mumewe. Mume huyo huendesha gari la kusambazia mikate. Ghala la kampuni liko Changamwe, na wao wanakaa Likoni. Katika kila karatasi mlikuwamo mstari ambao zamani haukuwako: makato ya shilingi 3,500 kwa sababu ya gari kwenda nyumbani.

"Mjomba," aliniambia, "sikuja kumsema mtu. Nataka kujua tu, pesa hizi tunalipia nini? Gari lenyewe mimi silipandi. Kazi yangu ni kuamka usiku wa manane nikachungulia dirishani kama lingalipo."

Nimesomesha milango ya biashara na ijara kwa miaka mingi, na sikumbuki mwanafunzi aliyeniuliza swali lililonyooka kuliko hilo. Kila malipo yana kitu kinacholipiwa. Ukikosa kukiona kitu hicho, basi huna budi kuuliza kama pesa zimetoka kwa haki.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo hapa pwani, mali ya mtu ikiwa mkononi mwa mwenziwe hutazamwa imefikaje mkononi humo. Kwanza huenda ikawa ni amana: mwenye mali amekupa umtunzie, na manufaa ni yake. Huwezi kumtoza mtu kwa kukutunzia mali yako. Bali inajuzu yeye akulipishe wewe. Wala hadhamini kitu kikipotea, ila akizembea au akikitumia bila ya idhini. Pili huenda ikawa ni azima: umeomba kitu ukitumie mwenyewe, nawe umepewa bure. Hapo hakuna kodi, lakini kikiharibika nje ya matumizi uliyoruhusiwa, dhamana ni yako. Tatu huenda ikawa ni ijara: unalipa kiasi kinachojulikana, kwa manufaa yanayojulikana, kwa muda unaojulikana, na pande mbili zimeridhiana tangu mwanzo.

Sasa tulitazame gari la mikate. Mkataba wa kiwanja walichokuwa wakilaza magari ulikwisha, na tajiri akawaamuru madereva sita kila mmoja aende na gari lake. Akapumzika na kodi ya kiwanja na mishahara ya walinzi. Ni kweli kwamba mpwa wangu naye amepumzika na nauli ya matatu na taabu ya kutafuta usafiri kabla ya alfajiri. Lakini kule Likoni anayevuka feri kwa miguu halipi kitu, na mwenye gari hulipa. Nauli hiyo ya gari huitoa mfukoni mwake. Isitoshe, mtaani kwao wamemwambia achangie shilingi 1,000 kwa mwezi kwa mlinzi wa usiku. Ukijumlisha na makato, ni shilingi 4,500 kila mwezi kabla ya kuhesabu feri, kwa gari ambalo hakuliomba. Mimi naliona gari hilo kuwa ni amana, na mwenye kuilinda ndiye anayetozwa.

Nilikwenda kumwona tajiri mwenyewe. Ni Mwislamu, mkono wake si mzito katika kheri, na alinikaribisha kwa kahawa na heshima. Baada ya kunisikiliza alisema, "Sheikh, umesikia upande mmoja. Hebu tazama na hiki." Akanionyesha daftari la kilomita. Jumapili moja, siku ambayo mikate haisambazwi, gari la mpwa wangu lilikwenda kilomita 130. Mpwa wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, aliinamisha kichwa. Lilikuwa limepeleka watu harusini Kilifi.

Nilimwambia mpwa wangu mbele ya tajiri wake kwamba hiyo ni khiyana, na kwamba gharama ya safari ile ni deni juu yake hata kama hakuna aliyemdai. Aliyepewa gari kwa kazi hakupewa kwa harusi. Kisha nikamgeukia tajiri. Safari ile ina mwenyewe, na ina siku yake. Haiwezi kuwa sababu ya kuwakata watu sita kila mwezi, na watano kati yao hawakwenda popote. Na yule wa sita naye atalipa safari aliyoifanya. Hatalipa usiku 30 za kulinda mali ya mwingine.

Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Suratul Qasas jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyoajiriwa kule Madyan. Aliyependekeza aajiriwe alikuwa ni mwanamke, binti wa yule mzee, na sifa mbili alizozitaja ni nguvu na uaminifu. Mzee naye akaweka masharti wazi kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake Musa, na akasema hakusudii kumtia mashakani. Mwajiri ameyataja yote mwanzoni, na cha ziada amekiacha katika hiari ya mwajiriwa. Hapana mstari mpya uliochomoza katikati ya mwaka. Nasi tunajua, katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Sheria ya nchi yetu nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, imeorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyakata. Hasara ya mali imo, lakini ni ile iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, tena kwa kiasi cha haki. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Kodi ya serikali ni jambo jingine: mtu akipewa gari kwa matumizi yake binafsi, sheria ya kodi ya mapato huyahesabu manufaa hayo. Hiyo ni haki ya serikali, wala si pato la tajiri.

Tajiri alinyamaza kitambo, kisha akasema makato yatasimama kuanzia mwezi huu, na dereva anayetaka gari kwa shughuli zake ataomba kwa maandishi na kulipia kwa kilomita. Hiyo sasa ni ijara, na ni halali kwa wote wawili. Mpwa wangu amekwisha kulipa mafuta ya Kilifi. Zile shilingi 10,500 za miezi mitatu tajiri alisema atazungumza na mhasibu wake. Mpaka naandika haya hazijarudi, na nimemwahidi kwamba nitakwenda tena. Kusimamisha dhuluma ni jambo jema, lakini kilichokwisha chukuliwa kingali ni cha watu.

Dada zangu na binti zangu, someni karatasi za mshahara pamoja na waume zenu. Gari la kazini likija kulala kwenu, ulizeni mapema: limekuja kwa amri au kwa ombi? Nani analipa feri, mafuta na mlinzi? Likivunjwa kioo, dhamana ni ya nani? Majibu yaandikwe. Na gari hilo likiwa mlangoni, msiwatie waume majaribuni kwa safari ya harusi au ya sokoni bila ya idhini ya mwenyewe. Hatuwezi kudai haki kwa mkono mmoja na kuivunja kwa mkono wa pili.

Nanyi matajiri wetu, mfanyakazi anayelala jicho moja wazi kwa ajili ya mali yenu anastahiki shukurani kabla ya makato. Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, aturejeshee amana zetu zikiwa salama, na atulipishe haki za watu tungali hai. Amin.

Wabillahi tawfiq.