Valvu ya Kale na Kazi ya Kunyamaza

Sauti ya binadamu ni kitu cha kupita. Hutoka kinywani, ikagonga hewa, ikatoweka. Na kwa karne nyingi hapakuwa na chombo cha kuihifadhi ila kumbukumbu ya aliyeisikia. Santuri ilibadili hali hiyo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, sauti yake ikanaswa. Alifariki mwaka 1950, na bado anaimba. Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro alifariki mwaka 1965, na bado anaimba. Walakini wafu hawaimbi kwa nguvu zao wenyewe. Huimba kwa hisani ya mashine, na mashine ikiwa mbovu, wao hubeba lawama isiyo yao. Kwa hiyo uchaguzi wa valvu kwa ajili ya kikuza sauti cha nyumbani, ambao kwa mtazamo wa haraka ni mchezo wa mafundi, una haki na dhuluma ndani yake.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kathodi, ambayo ikipashwa moto hutoa elektroni. Mna anodi, ambayo huzivuta. Na baina ya hizo mbili mna wavu mwembamba wa waya. Umeme mdogo ukifika kwenye wavu hutawala mkondo mkubwa upitao, kama kilango cha mfereji kinavyotawala maji ya shamba zima. Wakulima wa miteremko ya Meru, ambao tangu zamani huongoza maji ya mlimani kwa mifereji mpaka migombani, hawahitaji mfano mwingine. John Ambrose Fleming alitengeneza valvu isiyo na wavu mwaka 1904. Lee de Forest aliongeza wavu mwaka 1906. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na taratibu ikaichukua kazi hiyo. Mji wa Arusha ulipokuwa na kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio, katika miaka ya 1970, enzi ya valvu ilikuwa imekwisha kupita.

Imepita, lakini haikufa. Mpenzi wa santuri aliyeko Arusha leo hukuta valvu za namna mbili. Ziko mpya, zitengenezwazo Urusi, Slovakia na China. Na ziko za kale, zilizotoka katika viwanda vya Ulaya na Marekani, ambavyo vingi vilifunga kazi hiyo kabla ya miaka ya 1990. Hizi za kale hutafutwa kwa bidii na huuzwa kwa bei kubwa, khasa zikiwa na jina la Mullard au Telefunken. Hapo ndipo mtu hujaribiwa kununua jina akaacha kununua kazi.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Sindano ya santuri ya kawaida hutoa umeme wa kama milivolti 5 tu. Kikuza sauti cha awali huuzidisha umeme huo mara mia au zaidi kidogo kabla ya kuukabidhi kwa kikuza sauti kikubwa. Kadhalika hurekebisha uwiano, kwa kuwa chini ya kanuni ya RIAA ya mwaka 1954, sauti nene hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa wakati wa kuchonga santuri, na chombo cha kupigia hupaswa kuzirudisha mahali pake. Santuri zilizotangulia kanuni hiyo, kama zile za mwaka 1928, zina mizani yake nyingine na hutaka sindano pana zaidi.

Katika hatua hiyo ya kwanza, mngurumo mdogo wa valvu huingia njia moja na sauti ya mwimbaji, na kila hatua ya mbele huvikuza vyote viwili bila kupambanua. Kosa la mwanzo hukua pamoja na ukweli. Kwa hiyo sifa kuu ya valvu ya kwanza ni ukimya, wala si utamu. Valvu inayosikika imekwisha kuchukua nafasi ya mwimbaji.

Valvu itumiwayo sana mahali hapo ni ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7. Uwezo wake wa kukuza ni 100. ECC81 ina 60, na ECC82 haifiki zaidi ya 20. Hizi tatu zina miguu tisa iliyopangwa kwa namna moja, na moja huingia katika soketi ya mwenzake bila pingamizi. Lakini kufanana miguu si kufanana tabia: chombo kilichopigiwa hesabu ya ECC83 kikipewa ECC82 hupoteza nguvu na uwiano wake. ECC88 nayo ina miguu tisa, ila nyaya za kuipasha moto zimepangwa vingine, na kuichomeka mahali pa ECC83 ni kuidhuru.

Mwenye kuchagua valvu ya kale ana vipimo kadhaa. Kwanza huangalia doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Pili husoma alama. Jina lililopigwa chapa kwa wino hufutika, na mlaghai huweza kupiga jingine. Lakini Mullard nyingi zina herufi ndogo karibu na kitako, ambazo B yake ni ya kiwanda cha Blackburn, na valvu nyingi za Telefunken zina umbo la almasi katika kioo chini, kati ya miguu. Tatu hupeleka valvu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, maana kathodi huchakaa kwa kutumika, na umri peke yake si ubora. Mwisho huigonga polepole kwa penseli chombo kikiwa kimewashwa: ikilia kama kengele, haifai kukaa mbele. Mkono hubaki nje ya sanduku, kwa kuwa ndani mna volti 250 na zaidi, na kapasita huweza kushika umeme hata baada ya chombo kuzimwa.

Mahali nako kuna hukumu yake. Moto wa valvu hizi hutaka volti 6.3, na haupendi kuzidi au kupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Palipo na umeme unaopanda na kushuka, kidhibiti cha umeme huweza kuifaa sauti kuliko valvu adimu. Vumbi la kiangazi na kutu ya miguu huleta mikwaruzo ambayo mara nyingi husingiziwa valvu. Kusafisha soketi hakugharimu sana.

Watetezi wa vitu vya kale husema kwamba valvu za zamani zilitengenezwa kwa uangalifu, wakati simu na majeshi yalipozitegemea. Hilo ni kweli kwa nyingi, wala si kwa zote. Aliye na valvu nne hufanya vema kuzijaribu kwa zamu katika soketi ya kwanza, bila kusoma majina, akaiacha humo iliyo kimya kuliko zote, hata ikiwa ndiyo ya bei rahisi. Fedha iliyobaki inunue sindano mpya. Sindano iliyolika hukwangua santuri kila ipigwapo, na hakuna valvu, ya kale wala mpya, iwezayo kurudisha kilichokwanguliwa.