Paje: Tanga Linapimwa Mchangani, si Majini

Kwetu Ikinga, kule Ileje mkoani Songwe, maji tunayoyajua sana ni ya mto. Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, unateremka mpaka Ziwa Nyasa. Tanga? Labda kwenye picha! Sasa mtoto wa milimani akitua Paje, kusini mashariki mwa Unguja, akakuta watu wamesimama juu ya ubao, wameshika tanga, wanateleza kama wako kwenye lami, roho lazima imdunde.

Mambo bomba, washikaji. Katikati ya mwaka linavuma kusi, Desemba hadi Februari ni zamu ya kaskazi. Mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi huko mbali, huku ndani maji yametulia. Siku hizi wengi wanavutwa na tiara, lakini ubao wa tanga una heshima yake: uliingia Olimpiki mwaka 1984, kule Los Angeles.

Nikalipia somo. Wee! Saa nzima sijalowa hata kidole.

"Ndugu yangu, ukikosea hapa, kule utalia," fundi akaniambia.

Kwanza mlingoti. Una vipande viwili. Unafuta mchanga pale vinapoungana, la sivyo vitagandana. Unauingiza kwenye mfuko wa mbele wa tanga, ncha ikielekea juu. Kisha unasoma namba: tanga lenyewe limeandikwa urefu wa mlingoti na wa bumu, ule upinde wa kushikia. Bumu linafungwa kati ya bega na kidevu chako, tena likaze. Likilegea litateremka ukiwa katikati ya maji.

Halafu kamba ya chini, ndiyo yenye ubishi. Unakaa mchangani, unakanyaga kitako cha mlingoti kwa mguu, unavuta hadi ukingo wa nyuma, kule juu, ulegee kidogo. Mgeni anaona kama tanga limeharibika, kumbe ndiyo dawa! Upepo ukija kwa fujo, sehemu ile inaupumua. Ukivuta kidogo tu, tumbo la tanga linarudi nyuma, mkono wa nyuma unalemewa, unatupwa. Kamba ya nyuma ya bumu haitaki sifa: unavuta kiasi, tanga lisiguse bumu.

Mimi nikaelewa kikwetu. Gunia la kahawa kwenye baiskeli hufungwa kabla ya mteremko. Ukishaanza kushuka, hakuna kufunga tena.

Pembeni palikuwa na mzee wa ngalawa akikagua foromali na demani, fundo moja baada ya jingine, bila haraka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee, mbona unarudia rudia?"

"Marahaba, mwanangu. Upepo hauna subira na mtu."

Na si shingo yako tu. Maji yakipwa, akina mama wanaingia kwenye mashamba ya mwani, vigingi na kamba kila upande. Ubao uliokushinda ukipita humo, umekata riziki ya mtu, nawe umejipiga kigingi.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukienda Paje usiende kichwa kichwa. Uliza maji yatakupwa saa ngapi, kagua kamba mwenyewe hata kama umekodi, vaa jaketi la kuelea. Mrembo wa ufukweni anayekutazama atasubiri dakika ishirini.

Asiposubiri, shauri yake! Tukutane wiki ijayo.