Ndia na Njia

Mwanangu hutunga programu za kompyuta. Juzi alinionyesha libevent, maktaba ya amri zinazoiwezesha programu kungoja matukio mengi na kuliitikia kila moja liwasilipo. Katika toleo la 2.0, amri ya event_set ilipata mrithi, event_assign. Ya kale haikufutwa. Ilitengewa faili yake, event_compat.h, ili programu za zamani zisivunjike. Aandikaye upya hushauriwa kutumia mpya, kwani ya kale hudhani upo mzunguko mmoja tu wa matukio, na leo yaweza kuwapo mingi.

Nilinyamaza, nikamkumbuka mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Lamu. Aliandika “ndia” katika shairi lake. Nikaikata kwa wino mwekundu, nikaandika “njia”. Hakuniletea shairi tena.

Tenzi za kale zimejaa “ndia”. Ningaliweza kumfundisha “njia” kwa ajili ya mtihani, na “ndia” nikaiacha ikae shairini. Mimi pia nilidhani Kiswahili kina mzunguko mmoja tu. Kama angali akitunga, namwomba radhi.