Baada ya Skrubu Nane

Mjomba wangu ana skrubu nane na fito mbili za titaniamu mgongoni, na kila mtu katika familia yetu anajua vyuma hivyo viligharimu pesa ngapi. Kuna karatasi, kuna risiti, kuna orodha ya waliochanga na kiasi walichotoa. Kile ambacho hakuna anayekijua ni tulitumia pesa ngapi baadaye, kwa godoro, pampasi, mpira wa mkojo, nauli na uji. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo iliyokaribia kutumaliza.

Mjomba alikuwa mkwezi. Ukikaa kwenye hoteli za Diani utaona minazi imeinamia vitanda vya watalii, na hakuna nazi inayomwangukia mtu. Si bahati. Kuna mtu analipwa kupanda na kuziangua kabla hazijaanguka zenyewe. Akimaliza hotelini anaenda kwenye mashamba ya watu kuangua madafu, akielekea mpaka Msambweni, analipwa kwa mti. Hana kamba wala mkanda. Ana panga, miguu na vidato, zile hatua zinazochongwa kwenye shina la mnazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ada ilipokwisha, na mjomba alikuwa na mzaha wake juu ya hilo: "Wewe ulifika kidato cha nne ukaenda mbele ukarudi. Mimi kila siku napita kidato cha arobaini."

Mwaka wa 2022, msimu wa mvua, kidato kimoja kilikuwa na ukungu. Alianguka kutoka urefu wa kama ghorofa tatu akatua kwa makalio.

Waliokuwa chini walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya. Mmoja alimshika kwapa, mwingine miguu, wakamkunja na kumwingiza kwenye tuktuk. Sikuwepo, na siwalaumu. Lakini kama unasoma hili na unaishi mahali penye minazi au bodaboda, shika neno hili: mtu aliyeanguka hivyo hakunjwi. Wanatafutwa watu wanne, anageuzwa wote kwa pamoja kama gogo, analazwa juu ya ubao au mlango uliong'olewa, na kichwa, shingo na mgongo vinabaki mstari mmoja. Pingili iliyovunjika inaweza kuwa haijagusa neva bado. Safari ndiyo inayoweza kuigusisha.

Mgongo wa mtu una pingili, kama muwa. Zile za kifuani zimeshikwa na mbavu, hazichezi sana. Zile za kiunoni zinacheza. Pale zinapokutana, pingili ya mwisho ya kifua na ya kwanza ya kiuno, ndipo mtu akianguka mgongo unapenda kuvunjikia, kwa sababu upande mmoja umekaza na mwingine umelegea. Hapo hapo karibu ndipo uti wenyewe, ile kamba ya neva, unapoishia na kuchanua nyuzi nyuzi zinazoenda miguuni na kwenye kibofu. Kwa mjomba ilikuwa pingili ya kwanza ya kiuno. Daktari aliinua picha dirishani akasema, "Mzee, hii imepasuka kama yai lililokaliwa." Vipande vilikuwa vimerudi nyuma vikabana neva. Mguu wa kulia ulikuwa unasogeza vidole. Wa kushoto ulikuwa kimya.

Hapo tulikuwa tumeshavuka feri ya Likoni na tuko Mombasa. Daktari alitueleza taratibu, na namshukuru kwa hilo mpaka leo. Alisema atamfungua mgongoni, aondoe kinachobana, kisha aweke skrubu kwenye pingili nzima, mbili juu na mbili chini ya ile iliyovunjika, kila upande, na kuziunganisha kwa fito. Halafu akatoa mfukoni kitu kidogo, silinda ya chuma yenye matundu matundu, ndogo kuliko kidole gumba.

"Na hii ni jeki," alisema.

Kweli ni jeki. Pingili iliyopondeka inatolewa, kisilinda kinaingizwa mahali pake kikiwa kifupi, ili kipite bila kusukuma neva. Kikishakaa, daktari anazungusha ufunguo mrefu na kinarefuka, milimita kwa milimita, mpaka kibane pingili ya juu na ya chini na mgongo urudi kwenye kimo chake. Zile za zamani hazirefuki, mpasuaji alilazimika kukisia urefu au kukata. Hii inajipima ndani. Lakini nayo ina adabu yake. Ukiinua kidogo inayumba, ukiinua kupita kiasi inazama kwenye mfupa wa jirani, hasa kama mfupa ni laini. Matundu yake yanajazwa vipande vya mfupa, ili mfupa mpya uote katikati.

Kotesheni mbili zikaletwa. Ya skrubu na fito ilikuwa laki mbili na nusu. Ukiongeza jeki, ilikaribia laki tano. Michango ya mjomba ya NHIF ilikuwa imekatika siku nyingi, si unajua kazi ya kulipwa kwa mti. Tukamuuliza daktari kama bila jeki atapona. Akasema wengi wanapona na skrubu na fito tu, ila kwa jinsi pingili hii ilivyopondeka, mgongo unaweza kuja kuinama mbele kidogo baadaye. Mjomba alikuwa amelala hapo anasikia kila kitu. Akasema, "Niwekeni hizo nane. Hiyo jeki ni ada ya watoto wangu miaka mitatu." Hakuna aliyebishana naye, na ukimya ule bado naukumbuka.

Laki mbili na nusu zilipatikana kwa siku tisa. Kundi la WhatsApp, M-Pesa, kapu likapita msikitini na kanisani, wakwezi wenzake wakatoa siku nzima ya kazi. Watu wa Pwani wakisemwa ni wazembe mimi nakumbuka siku tisa zile.

Kwenye kotesheni kila mstari ulikuwa na neno titaniamu, na hapo binamu yangu akacheka kicheko kisicho cha furaha. Kwa sababu sisi ni watu wa Kwale. Kuanzia mwaka wa 2013 mpaka mwisho wa 2024, Base Titanium walichimba mchanga wenye madini ya titaniamu hapa hapa, upande wa Maumba na Nguluku, na shehena zikaondoka kwa meli kutoka Likoni. Ni rahisi kusema tuliuza mchanga tukanunua skrubu. Nilitaka kuandika sentensi hiyo, halafu nikasoma. Zaidi ya asilimia 90 ya madini hayo duniani hayawi chuma kamwe. Yanageuzwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za nyumba, karatasi, plastiki, hata dawa ya meno. Kiasi kidogo kinachobaki kinapitia tanuri na kemikali mpaka kiwe chuma, na bado hakijawa skrubu. Bei haiko mchangani. Iko kwenye mikono yote inayofuata, na hiyo mikono haiko Kwale.

Sababu ya kutumia titaniamu ni kwamba mwili hauichukii. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vifaa vya titaniamu kwenye mifupa ya sungura, na alipotaka kuvitoa vikakataa. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Lakini hata hivyo vyuma haviponyi. Hilo daktari alilirudia mara mbili: vyuma vinashikilia tu, mfupa ndio unaounga. Mfupa ukichelewa kuunga, chuma kinachoka kwa kukunjwakunjwa kila siku na mwishowe kinakatika, hata kikiwa ghali vipi. Skrubu, fito, jeki, vyote vinanunua muda.

Sasa muda wenyewe ndio hatukuuchangia.

Operesheni ilienda vizuri. Wiki ya pili tukamrudisha nyumbani. Kundi la WhatsApp likajaa dua na emoji za mikono, halafu likanyamaza, kwa sababu kwenye akili ya kila mtu kazi ilikuwa imekwisha. Mjomba hakuweza kusimama. Hakuhisi makalio yake, na mtu asiyehisi makalio hajui kama godoro linamla. Siku ya kumi na moja, shangazi akiwa anambadilisha, aliona doa jekundu juu ya mfupa wa nyonga. Baada ya siku tatu lilikuwa kidonda.

Nesi wa Msambweni alikuja kukitazama akatuambia bila kupamba: mgonjwa wa mgongo haui na mgongo, anauawa na kidonda na mkojo. Mgeuzeni kila saa mbili, mchana na usiku. Kwa kuwa mimi naandika kwa laptopu na sina bosi, zamu ya usiku ikawa yangu. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Simu inalia, tunamgeuza kama gogo, mto katikati ya magoti, tunaangalia ngozi kwa tochi. Yeye ananiambia, "Pole, mjomba," maana kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyo hivyo. Mimi namwambia lala.

Katika usiku mmoja wa hizo ndipo nilisoma habari za Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani na kupewa wodi ya majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka wa 1944. Kabla yake wagonjwa wengi wa aina hii walikuwa wanakufa, kwa vidonda na kwa mkojo, vile vile alivyosema nesi wetu. Guttmann hakuwa na skrubu wala jeki. Alichofanya ni kuamuru wageuzwe kila saa mbili, kisha akawapa mazoezi na michezo. Mashindano aliyoyaanzisha pale mwaka wa 1948 ndiyo yaliyozaa Paralimpiki. Hospitali ya kitaifa ya majeruhi wa uti wa mgongo ya Nairobi nayo ilianza mwaka huo huo wa 1944, kwa ajili ya askari wa vita. Maana yake ni kwamba maarifa haya hayajawa siri kwa miaka themanini na zaidi. Hayana picha ya kuvutia tu. Huwezi kutuma kwenye kundi picha ya mtu anageuzwa saa nane za usiku ukaandika "tumebakisha elfu ishirini."

Godoro la hewa lilipatikana mwezi wa pili. Kidonda kilifunga mwezi wa tano. Mwezi wa saba mguu wa kushoto ukaanza kusikia. Leo mjomba anatembea na fimbo, ana kibiongo kidogo kama daktari alivyosema, na anauza madafu yanayoanguliwa na wengine. Ukimuuliza anasema mpanda ngazi hushuka, ila yeye alishuka kwa njia ya mkato.

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda aligongwa Ukunda, na kundi jipya likafunguliwa. Kotesheni ikawekwa juu, titaniamu kila mstari. Michango ikaanza kumiminika. Mjomba alituma mia tano akaandika chini: "Hizi si za vyuma, ni za godoro."

Admin akamjibu, "Godoro gani, mzee?"

Akampigia simu. Walizungumza karibu saa nzima.