Bibi na Bamvua

Ukisikia wazee wanatembea kwa kundi kulinda afya zao, utadhani ni habari za Wazungu na fimbo zao. Njoo Kilwa Kisiwani siku za bamvua. Asubuhi, maji yakishakupwa, akina bibi hushuka mwambani kwa kundi, raba kuukuu miguuni, kijiti mkononi, wakichokoa pweza mashimoni. Kisiwa hichohicho kina Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, ambako watalii hupanda wakihema.

Wajomba zangu wa Dar walimkataza bibi. Ana miaka 72, tunamtumia hela, si akae tu barazani? Akakaa, mabamvua mawili mazima. Sijapata kuona mtu akizeeka haraka vile! Magoti yakakaza, hadithi zikamwishia, maana umbeya wa kijiji nao huchokolewa hukohuko mwambani.

Bamvua la tatu wenzake wakampitia.

"Mume wangu," ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, "hebu nishikie kikapu."

Nikashika. Tukiwa katikati ya mwamba, simu ya mjomba ikaita. Nikamwambia apige maji yakijaa.